Simu iko mezani, paja linatetemeka: mwili unadanganywa na nani?

#1 Mfuko Mtupu

Wakuu, salaam.

Jana usiku nimejinyoosha kwenye kochi, nikasikia simu inatetemeka mfukoni, paja la kulia. Nikaingiza mkono: mfuko mtupu. Simu iko mezani, imelala kifudifudi, hakuna aliyepiga wala aliyeandika. Hii ni mara ya nne wiki hii, na ile mara ya tatu nilikuwa nimetoka kuoga, nimejifunga taulo. Taulo halina mfuko, wakuu.

Sasa nina dai. Tumezoea kusema redio, sinema, simu na wenzao hao vinatuingizia habari kichwani. Mimi naona vinaanza na mwili. Vinaufundisha mwili kungoja, kushtuka, kuinamisha shingo, na kichwa kinakuja kupewa taarifa baadaye kama mwenyekiti aliyechelewa kikao. Mwenye maelezo ayalete. Ya majini naomba tuyaweke kando kwanza.

#2 Sina Bando

Nimekaa kiti cha mbele kabisa. Hilo taulo limenimaliza.

#3 Daktari Usiku

Mleta mada, huumwi. Ngozi ya paja inapokea mambo mengi kila sekunde: nguo inasugua, msuli unajikunja kidogo, damu inapita. Ubongo hauna muda wa kukagua kila kimoja, kwa hiyo unabahatisha kwa kufuata kile unachokitarajia. Kwa miaka mingi mtikisiko mdogo hapo pajani ulimaanisha simu. Sasa taulo likikugusa vibaya, jibu linatoka lile lile.

Upo uchunguzi uliochapishwa 2010 uliowauliza wafanyakazi wa hospitali moja Marekani, na karibu wawili kati ya kila watatu walikiri kuhisi mtetemo wa kifaa ambacho hakikutetemeka. Waliojaribu kukihamishia sehemu nyingine ya mwili, wengi waliona nafuu. Hamisha mfuko, kisha uje utuambie.

#4 Kalamu Kavu

Daktari kaeleza jinsi mwili unavyobahatisha. Kinachobaki ni nani aliyeufundisha kubahatisha hivyo, na hapo ndipo watu wa anthropolojia, wanaochunguza maisha na mila za watu, wanapoingia.

Mwaka 1934 Mfaransa Marcel Mauss alitoa mhadhara juu ya mbinu za mwili: namna watu wanavyotembea, kuogelea, kuchuchumaa, kulala. Alisimulia kwamba aliwahi kulazwa hospitali New York, akawa anawatazama wauguzi wanavyotembea, na mwendo ule akauona si mgeni kwake. Mimi hawa niliwaona wapi? Mwisho akakumbuka: kwenye sinema. Aliporudi Ufaransa akaanza kuukuta mwendo huo huo Paris, kwa wasichana ambao Marekani hawajawahi kuikanyaga. Mwendo ulikuwa umevuka bahari ndani ya filamu.

Hakuna aliyewaambia wale wasichana watembee hivyo. Macho yalitazama, nyonga zikaiga.

#5 Mla Kona

#4 hii naipa chai. Mtu mmoja, mgonjwa, kitandani, anatazama nyonga za wauguzi halafu tunaita sayansi? Huenda ilikuwa fasheni ya viatu. Kisigino kikibadilika na mwendo unabadilika, sinema haihusiki.

#6 Kalamu Kavu

Mla Kona, nimecheka, lakini viatu havikuokoi. Kiatu kinakupa nafasi ya kutembea namna kadhaa, na ipi inapendeza unaiokota kwa wengine.

Mauss huyo huyo ana kisa cha Vita Kuu ya Kwanza ambacho nakipenda zaidi. Kikosi kimoja cha Waingereza kiliomba kipewe wapiga tarumbeta na ngoma wa Kifaransa ili kitembee kwa madaha. Kwa karibu miezi sita kikawa kinapita mitaani ngoma za Kifaransa, miguu ya Kiingereza. Havikukutana. Kila mguu ulipotaka kushuka, ngoma ilikuwa imeshapita au haijafika. Ikabidi waachane na zile tarumbeta. Hapo viatu vilikuwa vile vile, Mla Kona. Kilichogoma ni miguu iliyolelewa na mdundo mwingine.

#7 Mla Kona

Miguu ya Kiingereza ngoma za Kifaransa. Ndoa kadhaa nimeziona za namna hiyo. Endelea mkuu.

#8 Profesa wa Kijiweni

Mnazunguka bure. McLuhan, yule msomi wa Kanada wa vyombo vya habari, alishamaliza mjadala mwaka 1964: kila chombo cha mawasiliano ni kirefusho cha kiungo cha mwanadamu. Gurudumu ni mguu uliorefushwa, redio ni sikio lililorefushwa. Simu imeshakuwa kiungo cha Mfuko Mtupu, na kiungo kikiondolewa bado kinawasha, kama mtu aliyekatwa mguu anavyohisi vidole vinamuwasha. Ndiyo hilo paja.

Na kama mnataka ushahidi kwamba picha inagonga mwili kabla ya akili, mwaka 1895 ndugu Lumière walipoonyesha sinema yao ya kwanza Paris, treni ilipokuja kwenye kitambaa watazamaji walikurupuka wakakimbia.

#9 Binti Kaseti

Profesa, pole pole. Onyesho la 28 Desemba 1895 lilikuwa na vifilamu kumi, na treni haikuwemo. Ile filamu ya treni inaingia kituo cha La Ciotat, ya chini ya dakika moja, ilionyeshwa mwaka uliofuata. Waliopekua magazeti ya wakati ule hawakukuta ushahidi wowote wa ukumbi mzima kutimua mbio. Watu walishangaa, walistaajabu, labda kuna aliyerudi nyuma kidogo kwenye kiti. Ya kukimbia imekuja kunogeshwa baadaye.

Tena tujiulize kwa nini tunaipenda. Inatupa raha ya kuwaona watu wa zamani wajinga, sisi wajanja. Wakati mwenzetu hapa kajipapasa taulo.

#10 Mfuko Mtupu

Taulo litanifuata mpaka kaburini naona.

#11 Daktari Usiku

Nami namrekebisha Profesa kwenye kiungo kilichokatwa. Mguu ulikuwa na mishipa ya fahamu na una eneo lake kwenye ubongo. Ukikatwa, eneo lile linabaki, ndiyo maana vidole visivyokuwepo vinawasha. Simu haijawahi kuwa na mshipa hata mmoja mwilini mwako. Ile ni ngozi ya paja, ipo, nzima kabisa, na inasoma vibaya. Mambo mawili tofauti.

#12 Profesa wa Kijiweni

Treni nimeiachia, nakubali kosa. Kiungo sikiachii. Mshipa haupo lakini mazoea yapo, na mtu akisahau simu nyumbani anatembea kama aliyepungukiwa. Mkono hauna pa kukaa.

Halafu Binti Kaseti, kama treni ni hadithi, vipi kuhusu kuku? McLuhan alikisimulia kisa hiki kitabuni mwake mwaka 1962: wanakijiji Waafrika walionyeshwa filamu ya usafi, ya dakika kama tano, wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Walioonyesha filamu hata hawakujua kama kuna kuku! Ikabidi wairudie picha kwa picha, na kweli, kuku alipita pembeni kwa sekunde hivi. Hii inaonyesha kwamba jicho lisilozoea sinema halioni fremu nzima, linafuata kitu kimoja kimoja.

#13 Mchungaji wa Paka

Nilikuwa nasoma kimya kimya ila kuku kanitoa.

Angalia kisa chenyewe. Filamu ilitengenezwa makusudi iende taratibu, kwa dhana kwamba Mwafrika haelewi upesi. Mtu anaondoa taka, taratibu. Anamwaga maji, taratibu. Katikati ya usingizi huo kuku anaruka kwa mshtuko. Wewe ungetazama nini? Hao ndio watazamaji pekee waliokuwa macho. Waliotengeneza filamu ndio hawakumwona kuku wao wenyewe, lakini hakuna aliyeandika kitabu juu ya udhaifu wa macho yao.

Na hiyo haikuwa bahati mbaya ya filamu moja. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa sinema za mafunzo wenye makao Vugiri, Tanganyika, uliotoa filamu zipatazo 35 na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Baadaye wakubwa wa sinema za kikoloni wakajenga nadharia nzima juu ya macho ya Mwafrika: asionyeshwe picha ya karibu, asikatiwe tukio, mbu akionyeshwa mkubwa atasema huku kwetu hakuna mbu wa saizi hiyo. Mwanahistoria James Burns amezifuatilia hizo habari za jinsi Waafrika "walivyotazama", na kinachoonekana humo zaidi ni mawazo ya waliokuwa wakiwatazama.

#14 Sina Bando

Yule wa mbu mimi naamini alikuwa anamtania bwana mkubwa. Mtu anakuonyesha mbu kama mbuzi, unamjibu kwa uso mkavu kabisa, "sisi wetu wadogo." Nayo ikaandikwa ripoti.

#15 Mchungaji wa Paka

#14 umesema kitu ambacho wasomi wamezunguka kurasa nyingi kukisema.

#16 Kalamu Kavu

Ila tusiitupe hoja pamoja na kuku. Kutazama kunafunzwa kweli, kwa kila mtu. Hata kusoma kulikuwa na mwili wake. Augustino, mwanateolojia wa Kikristo wa kale, ameandika kwamba alimkuta Ambrosi, askofu wa Milano, anasoma macho yanapita kwenye kurasa huku sauti na ulimi vimetulia, akaona ni jambo la kuandikwa. Kuna wanaosema hiyo ni dalili kwamba watu wa kale walisoma kwa sauti tu, na kuna wanaobisha kwa mifano ya zamani zaidi ya watu kusoma kimya. Mimi nachukua la wastani: kufunga mdomo ukisoma nako ni ufundi. Mtazame mtoto anayejifunza kusoma, midomo inacheza, kidole kinafuata mstari, kichwa kinakwenda kushoto kulia kama anatazama mpira. Mwalimu anaondoa kimoja kimoja, kidole, kisha midomo, kisha shingo, mpaka yanabaki macho peke yake. Tukimaliza kuufunga mwili wote tunasema kusoma ni kazi ya akili.

#17 MwanaIsimu

Habari wadau. Mmepita mahali muhimu bila kusimama. Rudini #1, Mfuko Mtupu kaandika "nikasikia simu inatetemeka", na hakuna aliyeshtuka. Hakuisikia kwa masikio, kaisikia kwa paja.

Kiswahili kinamruhusu. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, njaa, maumivu, usingizi, uchungu wa maneno. Sikio la kufa halisikii dawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapo kusikia ni kutii kabisa. Upande wa pili tunaona haya, tunaona kiu, tunaona uvivu. Kwa hiyo habari ya milango mitano ya fahamu, kila mlango na kufuli yake, tumeipokea shuleni. Ni orodha ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Vinywani mwetu kuna mlango mmoja mpana, kusikia, na wa pili, kuona, na mengine yanapita humo humo.

Si sisi peke yetu. Mwanaanthropolojia Kathryn Geurts aliishi na Waewe wa Anlo, Ghana, akaandika kitabu mwaka 2002. Wana neno seselelame, kwa tafsiri yangu isiyo rasmi ni kusikia-sikia ndani ya mwili. Na kwao mizani ya mwili, ile ya kutoanguka, inahesabiwa kabisa katika hisi. Orodha ya Aristotle haina hiyo.

#18 Mla Kona

MwanaIsimu, maneno tu hayo. Kusema "jua linazama" hakumaanishi naamini linatumbukia majini. Nikisema nasikia njaa haimaanishi tumbo lina masikio.

#19 MwanaIsimu

Haki yako. Sisemi lugha inabadilisha paja. Nasema inakuonyesha watu wamezoea kupanga vitu vipi. Halafu angalia mpaka ulipo: tunasikia harufu, lakini hatusikilizi harufu. Ukikusudia, unanusa. Kusikia kunakujia, kusikiliza unakwenda mwenyewe. Vyombo tunavyovijadili vinacheza hapo katikati. Redio unaisikiliza ikiwa mpya, baada ya mwezi unaisikia tu, ipo ndani ya nyumba kama feni. Ikizimwa ndipo unashtuka.

#20 Binti Kaseti

#19 umenigusa, maana jina langu limetoka huko. Marehemu babu alikuwa na kaseti za mawaidha. Alikuwa akizitia, anakaa wima, mikono magotini, na kila panapotajwa jambo zito midomo yake inatikisika. Nilidhani anarudia maneno. Siku moja nikasogea karibu, hakuwa anasema kitu, ni pumzi tu inapita kwenye midomo kwa kufuata sauti. Akiguswa, anajifuta uso kwa kiganja kutoka juu kwenda chini, polepole. Kaseti yenyewe ilishaliwa na miaka, sauti inazama na kuibuka, upande B una mlio wa nyuki mwanzo hadi mwisho. Hilo halikumsumbua. Nilipokuja kumnunulia diski safi ya mzungumzaji yule yule alisikiliza mara moja, akasema nzuri, akarudi kwenye nyuki wake.

Baadaye nikakutana na kazi ya Charles Hirschkind ya mwaka 2006 kuhusu kaseti za mawaidha Cairo. Anasema wasikilizaji hawakuwa wanakusanya hoja. Walikuwa wanauzoeza moyo, kifua na ngozi vilainike: kifua kikunjuke, mwili usisimke mahali panapostahili, machozi yawe karibu. Msikilizaji mzuri ni yule ambaye mwili wake unaitika. Teksi zilizojaa foleni, kaseti inacheza, dereva anafanya kazi ya nafsi huku mkono uko kwenye gia.

Na kuhusu nyuki wa babu, Brian Larkin ameandika juu ya Kano, Nigeria, na mikanda ya video iliyonakiliwa kutoka nakala ya nakala. Picha imefifia, rangi zimevuja, sauti imepasuka. Anasema ule uchakavu ulikuwa sehemu ya kutazama kwenyewe, watu walijua dunia ya filamu inavyofika kwao: imechelewa, ina ukungu. Jicho likajifunza kukaza.

#21 Sina Bando

Babu apumzike pema. Nimeisoma mara mbili.

#22 Kalamu Kavu

Sambamba na #20: India, mwaka 1987 hadi 1988, televisheni ya taifa ilirusha tamthilia ya Ramayana Jumapili asubuhi. Zipo taarifa nyingi za watu kuoga kwanza, kuvisha televisheni shada la maua, kufukiza udi mbele yake. Mgeni atasema wameabudu kisanduku. Lakini katika ibada zao ipo darshan, kumtazama mungu na yeye akakutazama. Kutazama huko ni kuguswa. Sasa ikiwa macho yanagusa, na sura iko kwenye kioo, utaingia bila kuoga?

#23 Profesa wa Kijiweni

Mnaona? Chombo kile kile, na McLuhan anasema chombo chenyewe ndicho ujumbe, kwa hiyo...

#24 Mchungaji wa Paka

Profesa, #22 inakupinga. Kisanduku kile kile nyumba nyingine wanakitazama wamelala chali wanakwangua miguu. Kama chombo ndicho kinachoamua, mbona miili haifanani?

#25 Daktari Usiku

Nimerudi kutoka zamu. Mnapenda hadithi, mimi nawaletea kitu cha kujaribu wenyewe. Mwaka 1976 McGurk na MacDonald walichapisha hivi: chukua video ya mtu ambaye mdomo unatamka "ga", bandika juu yake sauti ya "ba". Wengi wanasikia "da". Fumba macho, "ba" inarudi. Fumbua, "da". Hata ukijua ujanja wote, bado unasikia "da". Hapo hakuna babu wala udi, ni mfumo wa fahamu unaunganisha mdomo na sauti bila kukuomba ruhusa.

#26 MwanaIsimu

Daktari, hukumaliza. Walipojaribiwa Wajapani mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa silabi za kwao zilizosikika vizuri, athari hiyo ilionekana hafifu kuliko kwa Wamarekani. Kuna waliosema pengine ni kwa sababu ya malezi ya kutomkodolea mtu macho usoni, wengine wakasema ni muundo wa lugha. Kwa hiyo hata huo mfumo wako usioomba ruhusa umelelewa na mtu.

#27 Dada Nukta

Mimi haunipati huo mchezo. Nasikia "ba" kila mara. Sioni tangu nizaliwe.

Uzi huu nausoma kwa programu inayotamka skrini, na nimeiongeza kasi kiasi kwamba wenye macho wakipita wanauliza hiyo redio imeharibika nini. Mdogo wangu anasema ni kama mahindi yanamwagika kwenye sinia. Kwangu ni maneno, tena nikipunguza kasi nasinzia. Haikuja siku moja. Nilipandisha kidogo kidogo kwa miaka, kila hatua siku mbili za kichwa kuuma, halafu sikio linapanuka. Kwa hiyo wanaosema mwili unafunzwa nawaunga mkono, kichwa changu kiliuma kweli.

Pia ninasoma nukta nundu kwa kidole cha shahada cha kulia. Kitu kimoja nawaambia: nikikigusisha kile cha kushoto kwenye karatasi, nukta ziko pale, nazihesabu, lakini hazisemi. Kidole kimoja kinasoma, jirani yake hajaenda shule.

#28 Daktari Usiku

Dada Nukta, asante. Mwaka 1996 watafiti waliwapima wasioona wakisoma nukta nundu, wakakuta sehemu ya nyuma ya ubongo, ile ambayo kwa wengine ni ya kuona, inafanya kazi. Kidole chako kimepangishwa nyumba ya macho.

#29 Dada Nukta

Na kodi hatudaiwi.

#30 Mbavu za Ngoma

Nilikuwa nasita kuandika. Mimi ni kiziwi.

Mnaposema "mtetemo wa uongo" mnachekesha kidogo. Kwenu mtetemo ni mjumbe wa sauti, sauti ndiyo bosi. Kwangu mtetemo ndio wenyewe. Kwenye shughuli yenye muziki nakaa kwenye sakafu ya mbao nikiipata, viatu nje, au nashika puto lililojazwa hewa kwa viganja viwili. Puto linatafuna muziki. Besi inakuja kwenye mbavu za chini, ngoma ndogo zinakuja kwenye vidole, sauti za juu sizipati kabisa, hizo nawaachia. Nikimwona mtu anaimba huku besi haijafika mbavuni, naona kama anaongea tu.

Simu yangu nimeipangia mitetemo. Mke wangu: mrefu mmoja. Mama: mfupi, mfupi, mfupi, maana hana subira. Kazini: miwili mizito. Sitazami kioo kujua nani. Kwa hiyo mimi namuuliza Mfuko Mtupu swali ambalo nashangaa hakuna aliyeuliza kurasa zote hizi: huo mtetemo wa pajani ulikuwa wa namna gani?

Halafu Dada Nukta: wewe unapata "ba", mimi kwenye huo mchezo nitaona "ga". Tukikaa pamoja ndiyo tunapata "da".

#31 Dada Nukta

Nimecheka mpaka programu imepoteza mstari.

#32 Mla Kona

Uzi wa mwaka huu. Niombe radhi kwa Mauss au bado?

#33 Sina Bando

Wakati tunamngoja mleta mada: kuna hizi video za mtu ananong'ona, anagonga kucha kwenye kikombe, anapiga brashi kwenye maikrofoni. Jina la ASMR zilipewa 2010. Nikivaa visikizio, nywele za kisogoni zinasimama, kama mtu ananisuka taratibu. Mke wangu akisikiliza hiyo hiyo anasema anataka kumpiga kibao. Nani kamfundisha yeye kukasirika na mimi kusinzia? Tumelala kitanda kimoja miaka tisa.

#34 Daktari Usiku

Wengine wanapata msisimko huo, wengine hawapati kabisa, na wapo wanaokerwa. Ni tofauti za watu, tusilazimishe kila kitu kiwe malezi.

#35 Mchungaji wa Paka

Ila mnong'ono wenyewe hauingii hivi hivi. Anayenong'ona sikioni kwa kawaida ni mtu wa karibu kabisa, mama, mpenzi, mwenye siri. Maikrofoni imempa mgeni nafasi ya kukaa sentimita mbili kutoka sikioni kwako bila kubisha hodi. Sina Bando anamkaribisha, mkewe anamfukuza. Mimi niko upande wa shemeji.

#36 Mfuko Mtupu

Nimerudi wakuu. Nimefuata ushauri wa #3, siku tatu simu iko mfuko wa kushoto. Kushoto kimya. Kulia kumetetemeka mara mbili. Daktari, dawa yako haijafanya kazi.

Ila swali la Mbavu za Ngoma limenikosesha usingizi. Leo mchana ukanijia, nikatulia badala ya kujipapasa. Mfupi, mfupi, kisha kimya. Sasa hivi simu yangu haina mtetemo huo. Nimeingia kwenye mipangilio nikajaribu yote, haumo.

Nimekaa nikakumbuka. Simu niliyokuwa nayo kazi ya zamani, tuliyopewa na ofisi, ilikuwa na kundi la usiku. Bosi akiandika, mfupi mfupi. Dakika tano hujajibu, anapiga. Niliacha kazi ile miezi minane iliyopita na simu nikairudisha.

#37 Daktari Usiku

Kumbukumbu ya mishipa. Inaendana na nilichosema.

#38 Kalamu Kavu

Mbinu ya mwili iliyobaki baada ya mwalimu kuondoka. Inaendana na nilichosema mimi.

#39 Profesa wa Kijiweni

Kiungo kilichokatwa! Simu imerudishwa ofisini, mwasho umebaki! Nilisema!

#40 Mchungaji wa Paka

Mimi naona bosi. Nyie endeleeni na viungo.

#41 Mbavu za Ngoma

Mfuko Mtupu, fanya hivi. Nenda kwenye mipangilio, utengeneze mwenyewe huo mfupi-mfupi, mpe mtu unayempenda. Mwambie akutumie ujumbe mara kwa mara, saa zile zile za usiku. Mimi nilishawahi kuhamisha mtetemo wa mtu aliyefariki nikampa mwanangu. Ilichukua muda.

#42 Mfuko Mtupu

Nimempa dada yangu. Nimemwambia aanze leo saa nne usiku. Ameniuliza kama ninaumwa.

#43 Mla Kona

Saa nne na robo. Vipi?

#44 Mfuko Mtupu

Simu iko mkononi, naandikia hii. Umekuja, mfupi mfupi, nimeuona kwenye kioo. Lakini nimeusikia pajani.